Mbona sentensi fupi inapita na ndefu inakataliwa?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Kazini naandika ripoti kwa Kiingereza karibu kila siku. Msamiati ninao wa kutosha, na nikisoma maandishi ya wengine naelewa bila taabu. Kinachonishinda ni nukta: sijui niiweke wapi. Msimamizi wangu hunirudishia karatasi imejaa wino mwekundu na maneno "hii si sentensi", basi, maelezo hakuna. Kipande cha ripoti ya juzi ni hiki:

"The pump stopped at six. Because the filter was blocked. The technician cleaning it for two hours. Was very dirty. After that the pump started again, we checked the pressure. Everything was normal. The report which I sent to the manager on Monday."

Ziko saba. Ameikataa ya pili, ya tatu, ya nne na ya saba, na pembeni ya ile ya tano ameandika "hizi ni mbili". Sasa mimi nabaki nimeduwaa: "Everything was normal" ina maneno matatu na imepita, ya mwisho ina maneno kumi na imekataliwa! Shuleni tulifundishwa kwamba sentensi ni maneno yanayotoa maana kamili. Mbona zote zina maana? Halafu wapo wanaosema ni mwiko kuanza sentensi ya Kiingereza na "because". Ni kweli? Naomba njia ya kujikagua mwenyewe kabla sijapeleka ripoti.

Mimi, Mwandishi wa Ripoti

JIBU

Marahaba, ndugu Mwandishi.

Msimamizi wako ana jicho kali, na alama zote tano amezitoa kwa haki. Kilichokuponza ni hiyo "maana kamili". Chukua sentensi hii: "He did it." Ni nani huyo? Alifanya nini? Hatujui lolote, lakini ni sentensi kamili, hakuna mwalimu atakayeigusa. Kwa upande mwingine, "Because the filter was blocked" inatueleza chanzo cha hitilafu nzima, na bado si sentensi. Kwa hiyo maana iache kando kwanza, tazama umbo.

Sentensi ya Kiingereza inataka mambo matatu: kuwe na kitenzi kinachobeba wakati, kitenzi hicho kiwe na kiima chake (yaani yule au kile kinachosemwa na kitenzi), na kiwepo angalau kishazi kimoja (kundi la maneno lenye kiima na kitenzi chake) ambacho hakijafungwa na neno la kukitegemeza kwa kingine. Urefu haumo kabisa.

Msemaji wa Kiswahili hujikwaa hapa kwa sababu inayoeleweka. Sisi tukisema "ilizimika", neno hilo moja limeshabeba vyote: i- ni kiima, -li- ni wakati, na kitenzi kimo. Kiingereza hukata vitu hivyo vipande na kuvipanga kimoja kimoja, na ukisahau kimoja hakuna kiambishi cha kukuokoa. Utegemezi nao ni hivyo hivyo. Mtu akikuambia "pampu ilipozimika..." au "ikizimika..." au "pampu iliyozimika jana...", unangoja amalizie. Hakuna aliyekufundisha kungoja. -Po-, -ki- na -yo- zilizomo ndani ya kitenzi ndizo zinazokuambia kauli haijaisha. Kwenye Kiingereza kitenzi chenyewe hakibadiliki hata herufi moja: "the pump stopped", "when the pump stopped", "if the pump stopped". Alama ya kungoja imetolewa nje na kuwekwa mbele kama neno la pekee. Jicho linaona "the pump" na "stopped", linaridhika, mkono unatia nukta.

Anza kwa kusaka kitenzi, si kiima. Wengi hufundishwa kuanza na kiima, nasi tunaona ni kujichosha, maana nomino kwenye sentensi zinaweza kuwa tano na hujui ipi ni ipi. Kitenzi chenye wakati kinajitaja chenyewe ukibadilisha siku. Soma sentensi yako ukiitia "yesterday", kisha "every day", kisha "tomorrow". "The pump stopped", "the pump stops", "the pump will stop": neno lililogeuka ndilo kitenzi. Sasa jaribu ya tatu kwenye ripoti yako: "The technician cleaning it". Jana ni "cleaning", kila siku ni "cleaning", kesho ni "cleaning" vilevile. Hakuna kilichogeuka, basi kitenzi chenye wakati hakuna. Ulichoandika ni sawa na "fundi kulisafisha (chujio) kwa saa mbili".

Yapo maumbo matatu ya kitenzi ambayo hayawezi kusimama peke yake kama kitenzi cha sentensi: lenye "-ing" ("cleaning"), lenye "to" mbele yake ("to clean"), na umbo la tatu, yaani "written", "gone", "been", "done" na wenzao. Yakitaka kusimama, lazima yashikwe mkono na kitenzi kisaidizi. Visaidizi vya kawaida vinavyobeba wakati ni maneno 20 haya, na yafaa uyajue kwa kichwa: am, is, are, was, were; have, has, had; do, does, did; can, could, will, would, shall, should, may, might, must. Ukiona "-ing" bila mojawapo ya matano ya kwanza mbele yake, simama uangalie. Labda "-ing" hiyo ina kazi nyingine, kama kuwa kiima ("Smoking is dangerous", kama sisi tunavyosema "kuvuta sigara ni hatari"), ila basi kitenzi cha sentensi kitafute mahali pengine.

Mtego mbaya zaidi ni "-ed", maana umbo la wakati uliopita na umbo la tatu kwa vitenzi vingi hufanana kabisa. Tazama hii: "The parts ordered last week." Inaonekana ina kiima na kitenzi, wakati uliopita, kila kitu. Lakini jiulize: vipuri viliagiza? Havikuagiza chochote, viliagizwa. "Ordered" hapa ni kama "vilivyoagizwa", maelezo tu ya vipuri, na msomaji bado anangoja kusikia vimefanywa nini. "The parts ordered last week arrived today" ndiyo sentensi, na kitenzi chake ni "arrived". Kila unapoona "-ed" karibu na mwanzo, uliza kama kiima ndicho kilichotenda.

Ukishapata kitenzi, kiima ni rahisi. Uliza "nani" au "nini" kwa kutumia kitenzi hicho: nini "stopped"? "The pump." Katika kauli za kawaida jibu huwa kushoto kwa kitenzi. Likikupotosha jambo, mara nyingi ni kirai, yaani kikundi cha maneno kisicho na kiima na kitenzi chake, kinachoanza na "of", "in", "to", "with", "from" au "for". Kifute kwa penseli. "The key to the two cabinets is missing": ukifuta "to the two cabinets" inabaki "the key is missing", na hapo hapo unaona kwa nini ni "is", wala si "are". Kwenye maswali mengi kiima hukaa kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu ("Does the clerk keep the file?"), na baada ya "there" huja nyuma ya kitenzi: "There are three errors."

Hapa ndipo ilipoanguka ya nne, "Was very dirty." Kwa Kiswahili "lilikuwa chafu sana" haina kasoro. Kiingereza hakina ile li- ya mwanzo, ya chujio, ya kuning'iniza kwenye "was", kwa hiyo "it" lazima iandikwe: "It was very dirty." Hata pale ambapo hakuna kitu chochote kinachorejelewa, lugha hii bado inadai kiima, ndiyo maana "inanyesha" ni "It is raining" na "ni vigumu kueleza" ni "It is difficult to explain". Ni kiima cha kujaza nafasi tu, lakini bila hicho sentensi haipiti. Ruhusa ya kuacha kiima hutolewa kwa amri, "Close the valve", kwani kila mtu anajua anayeamrishwa ni "you". Kosa la upande wa pili ni kukitaja mara mbili, "The manager he said", kwa kufuata "meneja alisema". Chagua kimoja.

Tukija kwenye utegemezi, maneno ya kuyaogopa ni "because", "although", "if", "when", "while", "since", "unless", "until", "before", "after", "whereas", pamoja na "who", "which", "that" na "what". Likikaa mbele ya kiima na kitenzi, limekifunga kishazi hicho. Hakiwezi tena kusimama peke yake, sharti kiegemee kingine.

Na hili ndilo linalojibu swali lako la "because". Si mwiko hata kidogo. "Because the filter was blocked, the pump stopped at six" ni sentensi safi. Kosa lako si kuanza na "because", kosa ni kutia nukta kabla ya kutokea kishazi cha kuegemewa. Katazo hilo, tunadhani, ni njia ya mkato ya walimu wa madarasa ya chini: mtoto akikatazwa neno, hataandika kipande. Mtu mzima anayeandika ripoti hahitaji katazo, anahitaji koma. Kishazi tegemezi kikitangulia, weka koma baada yake. Kikija nyuma, kwa kawaida huna haja nayo.

Sasa njia ya kujikagua uliyoiomba. Ni hesabu ya kutoa. Hesabu vitenzi vyenye wakati (kundi kama "was blocked" au "has been cleaned" ni kimoja). Hesabu viunganishi, yaani maneno ya utegemezi tuliyoyataja, pamoja na "and", "but", "or", "so", "yet" pale yanapounganisha vitenzi au vishazi. Toa viunganishi kwenye vitenzi. Jibu likiwa 1, uko salama. Likiwa 0, una kipande. Likiwa 2 au zaidi, umebandika sentensi mbili kwa nukta moja.

Tuipitishe ripoti yako. Ya kwanza: "stopped", kiunganishi hakuna, 1. Ya pili: "was blocked" kutoa "because", 0. Ya tatu haina kitenzi chenye wakati kabisa. Ya nne inatoa 1, lakini haina kiima, kwa hiyo usiache kuuliza "nani" hata hesabu ikikubali. Ya sita: "was", 1, ndiyo maana imepita na maneno yake matatu. Ya saba: "sent" kutoa "which", 0. Hapo "the report" ni kiima kilichotelekezwa: tumeambiwa ripoti ipi, hatujaambiwa imefanya nini. Kitenzi "sent" ni cha "I", hakikuwa chake kamwe. Mpe kitenzi chake, "The report which I sent to the manager on Monday explains the fault", hesabu inakuwa 2 kutoa 1.

Ya tano tumeiacha makusudi, ina ujanja wake. "After that the pump started again, we checked the pressure." Ukikimbia utahesabu "after" na "that" kama viunganishi viwili. Tulia. "That" hapa ni "hapo" tu, inarejelea yaliyosemwa, na "after that" nzima ni sawa na "baada ya hapo". "After", "before", "since" na "until" zina sura mbili: zikifuatwa na kiima na kitenzi zinafunga kishazi, zikifuatwa na nomino au kiwakilishi ("after the meeting") hazifungi kitu. Kwa hiyo hesabu ni "started" na "checked", viunganishi 0, jibu 2. Sentensi mbili zimeunganishwa na koma, na koma haina nguvu hiyo. Weka nukta, au nukta-mkato (;), au koma pamoja na "and". Neno "however" halitakusaidia hapo, wala "therefore" wala "then". Hayo ni vielezi, si viunganishi, ingawa yanavaa nguo zao: "I called him, however he did not answer" ina kosa lile lile. Mbele ya "however" inatakiwa nukta au nukta-mkato, na nyuma yake koma.

Hesabu hii ina tundu moja unalopaswa kulijua. Kiingereza huruhusu "that", "which" na wakati mwingine "who" kumezwa. "The man I saw yesterday was late" ina vitenzi viwili na kiunganishi hakionekani, jibu linatoka 2, kumbe ni sentensi moja sawasawa. Ukikuta nomino mbili au nomino na kiwakilishi vimegusana bila koma, kama "the man I", jaribu kupachika "that" katikati. Ikikubali, ihesabu kana kwamba imeandikwa. Baada ya "I think", "he said" na "we know" pia huwa imejificha.

Kuhusu kinachofuata kitenzi, mambo ni machache. Kuna shamirisho, ambayo wengine huiita yambwa: kinachotendwa ("The guard opened the gate"). Kuna kijalizo, kinachokieleza kiima chenyewe baada ya "be", "become", "seem" na vitenzi vya namna hiyo ("Everything was normal"). Na kuna chagizo, inayotaja mahali, wakati au namna ("at six"). Ukitaka kutofautisha viwili vya kwanza, linganisha "The nurse called a doctor" na "The nurse became a doctor". Katika ya kwanza watu ni wawili. Katika ya pili ni mmoja.

Chagizo mara nyingi unaweza kuifuta na sentensi isitetereke. Shamirisho si hivyo kila mara, na hapa tena Kiswahili kinatulegeza. "Fundi aliitengeneza" imekamilika kwa sababu -i- ya pampu imo ndani ya kitenzi. "The technician repaired" imekatika: kiima kipo, kitenzi kipo, lakini "repair" hudai kitu cha kutengenezwa, hivyo lazima useme "repaired it". "Discuss", "mention" na "need" ni za kundi hilo. "Put" ni mroho zaidi, hudai kitu na mahali: "She put the file" haitoshi, "She put the file on the desk" ndiyo.

Kwa ripoti ya haraka, kuna jaribio la sekunde chache. Tia "It is true that" mbele ya sentensi yako. "It is true that everything was normal" inatiririka. "It is true that because the filter was blocked" inakwama. "It is true that the technician cleaning it" inakwama pia. Jaribio hili ni la kauli za taarifa, usilipeleke kwenye amri wala maswali. Na soma ripoti yako kutoka sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza. Ukisoma kwa mtiririko wa kawaida, sentensi iliyotangulia hukukopesha maana na kipande kinaonekana kizima. Ukirudi kinyumenyume kila moja inasimama au inaanguka kwa miguu yake. Mistari ya rangi inayochorwa na programu za kuandikia itazame kama dokezo tu: huvionea vichwa vya habari, ambavyo vina ruhusa ya kuwa vipande, na vipande vingine halisi huviacha vipite.

Kipande chako kikinyooshwa kinaweza kusomeka hivi: "The pump stopped at six because the filter was blocked. It was very dirty, and the technician cleaned it for two hours. After that, the pump started again, and we checked the pressure. Everything was normal. The report which I sent to the manager on Monday explains the fault."

Jipime kwa hizi tano kabla ya kutazama majibu:

1. "Opening the valve slowly reduces the noise."
2. "The valves that were replaced in March and tested twice."
3. "Close the door before you leave."
4. "The alarm did not ring, therefore nobody came."
5. "What the inspector wanted was a copy of the plan."

Ya kwanza ni kamili: kitenzi ni "reduces", na kiima ni "Opening the valve slowly" kwa ujumla wake. Ya pili ni kipande. Vitenzi viwili, "that" na "and" zinavimaliza, na "the valves" imebaki bila cha kufanya. Ya tatu ni kamili, kiima cha "close" ni "you" iliyofichwa. Ya nne ni sentensi mbili, "therefore" imejifanya kiunganishi. Ya tano ndiyo huwaangusha wengi, kwa kuwa wakiona "what" wanadhani ni swali au kipande. Vitenzi ni "wanted" na "was", kiunganishi ni "what", jibu 1. Kishazi kizima "What the inspector wanted" kimekaa kwenye nafasi ya kiima, kama sisi tunavyosema "alichotaka mkaguzi kilikuwa nakala ya mpango", na ukikibadilisha na "it" sentensi inabaki imesimama: "It was a copy of the plan."